Kolwezi: Mtaa haufutwi kwa rangi nyekundu

KOLWEZI – Kuna miji ambamo mkaaji anajua kwamba serikali inataka kubadili matumizi ya mtaa wake kwa sababu ameitwa kwenye mkutano, ameonyeshwa ramani na kuulizwa maoni yake. Kolwezi si mmoja wao. Katika mji mkuu huu wa jimbo la Lualaba, kuna familia zilizopata habari hiyo ukutani: msalaba wa rangi nyekundu ulichorwa kwenye nyumba, na maana yake ilikuwa kwamba nyumba hiyo itabomolewa.

Jambo hili si uvumi wa sokoni. Mwezi wa Septemba 2023, mashirika mawili, Amnesty International na IBGDH ya hapa Kolwezi, yalitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Kati ya waliozungumza na watafiti walikuwamo wakaaji wa Cité Gécamines, mtaa unaopakana na mgodi wa kampuni ya COMMUS. Katika kampuni hiyo, Zijin ya China ina hisa asilimia 72, na Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo, ina asilimia 28. Mgodi ulifunguliwa upya mwaka 2015. Tangu hapo shimo linasogea na nyumba zinapungua. Wakaaji walieleza kuta zilizopasuka kwa sababu ya baruti, malipo yasiyotosha kununua nyumba iliyo sawa na ile waliyoipoteza, na mazungumzo ambayo hayakuwa mazungumzo hata kidogo.

Kila mara habari ya namna hii inapotoka, mjadala unageuka kuwa wa pesa: nani alilipwa dola ngapi, nani alisahauliwa, nani alikula za wengine. Swali la pesa ni la haki. Lakini ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: nani aliamua kwamba mahali watu wanapolala, wanapopika na wanapolea watoto pageuke kuwa shimo la mgodi? Aliamua lini, katika ofisi gani, mbele ya nani? Mpaka swali hilo lijibiwe, fidia itabaki kuwa bei iliyopangwa na mnunuzi peke yake, kwa kitu ambacho mwenyewe hakusema kwamba anakiuza.

Kuamua mtaa huu ni wa nyumba, ule ni wa soko, ule mwingine ni wa mgodi, ndiyo kazi ya mipango ya mji. Na kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa siri dhidi ya watu wanaokaa humo.

Mji uliozaliwa na mgodi

Watetezi wa kampuni wana jibu moja wanalolipenda sana: Kolwezi ni mtoto wa mgodi, basi mtoto asishangae mama akidai chumba chake. Ni kweli kwamba mji huu ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Kapata, Luilu, Musonoie na makambi mengine ya wafanyakazi yalijengwa kwa hesabu ya kampuni. Kampuni ndiyo iliyoamua nyumba iwe na vyumba vingapi, nani akae wapi, hospitali iwe upande gani, na Mwafrika asivuke mstari gani kwenda upande wa Wazungu. Mfanyakazi hakuulizwa. Aliambiwa tu.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye jina la Gécamines likachukua nafasi yake. Bendera ilibadilika, mkubwa wa ofisi alibadilika, lakini zoezi la kupanga mji halikubadilika: mkubwa anaamua, mkaaji anajulishwa. Wakati Gécamines ilikuwa bado inalipa mishahara, inagawa unga, inaendesha shule na hospitali, watu wengi walivumilia, maana mkono uliowaamuru ulikuwa pia mkono uliowalisha.

Mkono huo ulikauka. Mwaka 2003, Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Baba wa familia waliokuwa wamefanya kazi miaka 20 au 30 walirudi nyumbani na bahasha moja. Kwa wengi wao, nyumba ndiyo iliyobaki kuwa pensheni: chumba kimoja cha kupangisha, bustani ya mboga nyuma, kibanda cha kuuza mkate na mafuta mbele. Mtu anayesema nyumba hiyo ni matofali na mabati tu hajui maisha ya Kolwezi. Au anayajua vizuri, lakini hesabu yake haimruhusu kuyakumbuka.

Mama huyo anayedai chumba chake, basi, alimfukuza mtoto kazini kwanza. Sasa anataka na kitanda.

Ramani mbili zisizokutana

Ili kuelewa jinsi mtaa mzima unavyoweza kugeuka bila mkaaji kujua, lazima kuelewa kwamba Kolwezi ina ramani mbili.

Ya kwanza ni ramani ya viwanja. Inashikwa na watu wa kadastra na wa hati za nyumba. Humo kuna avenyu, namba za viwanja, majina ya wenyewe. Mkaaji anaijua ramani hii kwa mateso: amepanga foleni, amelipa kodi na ada, amerudi kesho na keshokutwa, mpaka akapata karatasi yake.

Ya pili ni ramani ya madini. Inashikwa na Kadastra ya Madini, CAMI, ambayo makao yake makuu yako Kinshasa. Ramani hii haina avenyu wala shule wala kanisa. Ina miraba. Kila mraba una ukubwa wa hekta 84.955, na kibali cha kuchimba kinahesabiwa kwa miraba. Waziri wa madini anatia saini, miraba inapata mwenyewe. Chini ya mraba kuna shaba na kobalti. Juu ya mraba kunaweza kuwa na msitu, shamba la mihogo au Cité Gécamines yote: kwa ramani hiyo ni sawa.

Sheria ya Kongo inatenganisha haki ya ardhi ya juu na haki ya madini yaliyo chini. Kutenganisha huko si kosa, nchi nyingi zinafanya hivyo. Kosa ni kwamba ramani mbili hizi hazikutanishwi mahali ambapo mkaaji anaweza kuziona pamoja. Mtu mwenye hati halali ya nyumba na kampuni yenye kibali halali cha kuchimba wanaweza kuishi miaka mingi juu ya udongo uleule, kila mmoja akiamini kwamba serikali imempa. Siku ramani mbili zinapogongana, hakuna anayeitwa kusuluhisha. Anakuja mtu na kopo la rangi.

Tena kuna jambo la aibu katika hili. Mwekezaji aliyeko ng'ambo anaweza kukaa mbele ya kompyuta na kuangalia miraba ya Kongo kwenye intaneti, mmoja baada ya mwingine, na jina la mwenye kibali. Mama anayeuza ndizi katika komini ya Manika au ya Dilala aende ofisini aombe kuonyeshwa plani ya mtaa wake kwa miaka 10 ijayo. Atapewa karatasi gani? Ataelekezwa mlango gani? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kolwezi inapangwa na watu wasioilalia.

Kasulo ilikwisha kufundisha

Hakuna kiongozi anayeweza kusema hakuonywa. Mtaa wa Kasulo ulikwisha kuonyesha yote haya. Mwaka 2014, mkaaji mmoja aliyekuwa akichimba kwenye kiwanja chake alikuta mawe ya kobalti. Habari ilienea kama moto wa kiangazi. Muda mfupi baadaye watu walikuwa wakichimba ndani ya nyumba, chini ya jikoni, nyuma ya choo. Mashimo yalipita chini ya barabara. Kuta zilianza kuinama, na watu walikufa ardhini.

Hapo serikali ilikuwa na kazi halali ya kufanya. Mtaa ulikuwa umekuwa hatari. Mtu mwenye akili asingesema watu waachwe wafukiwe na nyumba zao. Lakini namna gani ilifanyika? Mwaka 2017, sehemu ya Kasulo ilibomolewa na kuzungushiwa ukuta, na ununuzi wa mawe yote ya ndani ukapewa kampuni moja, CDM, tawi la Huayou Cobalt ya China. Mtaa uligeuka kuwa kituo cha uchimbaji. Familia ziliondoka. Wachimbaji wa mkono waliingia kwa kadi, wakauza kwa mnunuzi mmoja.

Kasulo ilikuwa nafasi ya kuandika utaratibu: mtaa ukigunduliwa kuwa na madini, nani anaitwa, nani anapima hatari, nani anachagua mahali pa kuhamia, nani anahesabu fidia, nani anasimamia. Kama utaratibu huo ungaliandikwa na kubandikwa kwenye kila komini, wakaaji wa mitaa mingine wangalikuwa na kitu cha kushika mkononi. Haukubandikwa. Badala yake Kasulo iliwafundisha wakubwa somo jingine: kwamba inawezekana, na kwamba kelele zitaisha.

Sheria haikunyamaza

Jambo la ajabu ni kwamba wakaaji hawaombi zawadi. Wanachodai kimeandikwa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, na kwamba hakuna anayeweza kunyang'anywa isipokuwa kwa faida ya umma na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Neno ni "kwanza". Kuhama ndipo ulipwe si kwanza. Kulipwa nusu ukiwa tayari umelala kwa shemeji si kwanza.

Sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977, inayohusu kuchukua mali kwa faida ya umma, inaeleza njia: uamuzi unaoandikwa na kutangazwa, watu wanaohusika kujulishwa, na mwezi mmoja wa kutoa malalamiko na maoni. Wasiposikilizana juu ya fidia, mahakama ndiyo inayoamua. Sheria hiyo ilitiwa saini chini ya Mobutu. Utawala ambao haukujulikana kwa kupenda maoni ya raia ulikubali kuandika kwamba raia apewe mwezi mmoja wa kusema. Je, viongozi waliochaguliwa kwa kura watampa siku ngapi?

Kanuni za madini za mwaka 2002, zilizorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, nazo zinasema. Kifungu cha 279 kinakataza mwenye kibali kukalia ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka nyumba za watu bila ya ridhaa ya mwenyewe au ya mkaaji halali. Ridhaa maana yake mtu ameulizwa na amekubali. Na tangu mwaka 2018, kanuni za utekelezaji zina nyongeza nzima, ya XVIII, juu ya kuhamisha, kufidia na kuwapa makao mapya watu wanaoguswa na mgodi.

Basi msalaba mwekundu unatoka kifungu gani? Hautoki popote. Sheria inataka karatasi, tangazo, muda, saini na jaji. Rangi si karatasi. Inachafua ukuta, haifuti haki.

Majibu ya wakubwa

Wakubwa wana majibu. Yafaa yasikilizwe moja moja, maana yanarudiwa kwenye redio mpaka raia wengine wameanza kuyaamini.

Jibu la kwanza: ardhi ni ya serikali. Ndiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola. Lakini sheria hiyohiyo inampa raia wa Kongo haki ya kudumu ya kukaa juu ya kiwanja alichopewa kihalali, na nyumba aliyoijenga ni yake. Tena Dola si meya, si gavana, si waziri. Dola ni watu wote wa nchi pamoja na sheria zao. Mtumishi wa Dola anayetumia neno hilo kumtisha mwenye Dola anatumia funguo za nyumba kumfungia nje mwenye nyumba.

Jibu la pili: mgodi unaleta pesa za maendeleo. Hili nalo lina ukweli. Kanuni za mwaka 2018 zinagawa ushuru wa madini wazi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Lakini hesabu hiyo inageuka kuwa hoja ya wakaaji. Kama komini ina haki ya kupokea asilimia 15 kwa jina la watu wake, watu hao wana haki ya kujua na kusema mgodi uingie mpaka wapi. Haiwezekani wahesabiwe wakati wa kugawa na wasahauliwe wakati wa kuamua. Na maendeleo ni nini, kama familia iliyokuwa na maji ya bomba na umeme inajikuta pembeni ya mji ikichota maji kisimani na kuwasha mshumaa?

Jibu la tatu: watu walilipwa, wakatia saini. Mtu ambaye jirani zake wamekwisha kuondoka, ambaye baruti inatikisa ukuta wake, ambaye ameambiwa kwamba asipotia saini leo hatapata hata kile kidogo, akitia saini hajakubali. Amejiokoa. Saini ina maana pale ambapo kukataa kunawezekana. Kumwita mtu kutia saini baada ya uamuzi kufanyika ni kumwita mtu kuchagua rangi ya jeneza.

Jibu la nne: mkuu wa mtaa alijulishwa. Hili ndilo jibu baya kuliko yote. Mkuu wa mtaa na mkuu wa avenyu wanateuliwa, na anayewateua anaweza kuwaondoa. Wanaweza kupeleka habari, lakini hawawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya maelfu ya watu. Mwenye nyumba ya vyumba vinne, mpangaji wa chumba kimoja, mjane anayeuza unga barabarani na kijana mwenye karakana ya kuchomelea hawana hasara ileile. Mpangaji, kwa mfano, mara nyingi hahesabiwi kabisa, wakati ndiye anayehama bila chochote. Kumwita mkuu wa mtaa peke yake ofisini, kumpa soda na orodha ya kusoma, si kushirikisha raia. Ni kutafuta shahidi.

Jibu la tano: kuuliza watu wengi kunachelewesha kazi, tena raia hawajui kusoma ramani. Wakaaji wa Kolwezi wamesoma ramani za mgodi tangu babu zao. Waliopima, waliochimba, walioendesha mashine na waliofunga nyaya za umeme wanakaa katika mitaa hiyohiyo. Wanajua udongo gani unabeba nyumba na upande gani vumbi linaelekea wakati wa kiangazi. Na kuhusu kuchelewa, mgodi unapangwa kwa miongo. Kampuni ambayo imengoja miaka kupata kibali Kinshasa haiwezi kushindwa kungoja mwezi mmoja kumsikiliza mtu wa Manika.

Siri inazaa udanganyifu

Haki lazima isemwe pande zote. Si kila mkaaji ni malaika. Habari ya fidia inaponong'onwa, kuna wanaojenga vyumba viwili usiku mmoja kwa matofali yasiyokauka ili wahesabiwe. Kuna wanaouza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Kuna wanaojitangaza kuwa wawakilishi wa mtaa, wanaingia ofisini na kelele na kutoka na bahasha. Kampuni zinalalamika juu ya hayo, na hazikosei.

Lakini ni nini kinachowalisha watu hao? Ni siri. Mpango ukitangazwa hadharani, pamoja na tarehe ambayo baada yake nyumba mpya haihesabiwi, anayejenga usiku anajenga bure. Orodha ya waliohesabiwa ikibandikwa ukutani mwa komini kwa jina na avenyu, mwenye jina la uongo ataonyeshwa kidole na jirani. Wawakilishi wakichaguliwa mbele ya watu, mwenye bahasha atajulikana. Uwazi si zawadi kwa wakaaji peke yao. Ungeziokoa kampuni pesa nyingi na aibu nyingi.

Kupiga kura, kisha kunyamaza?

Mwezi wa Desemba 1957, Wabelgiji waliruhusu Waafrika wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville wapige kura kwa mara ya kwanza kwa ajili ya komini zao. Ilikuwa kura ndogo, yenye mipaka mingi, lakini iliwapa watu wazo kwamba komini ni yao. Mwaka uleule, tarehe 20 Juni, ilitoka dekreti ya mipango ya miji. Zaidi ya miaka 60 ilipita, na mnamo Desemba 2023 raia walichagua washauri wa komini, tena katika sehemu chache tu za nchi. Kwa muda mrefu kati ya tarehe hizo mbili, wakuu wa komini na mameya waliletwa kwa uteuzi, na aliyeletwa kwa uteuzi anamwangalia aliyemleta.

Ndiyo maana mpango wa mji usiachwe mikononi mwa ofisi peke yake. Na asiseme mtu kwamba Wakongo hawajazoea. Katika Kivu ya Kusini, zaidi ya miaka 10 iliyopita, komini na chefferi kadhaa zilijaribu bajeti shirikishi: raia walikusanyika, wakajadili pesa chache zilizokuwapo, wakachagua kujenga hiki kabla ya kile, na simu za mkononi zikatumika kuwaita watu na kupokea maoni yao. Haikuwa kazi bila kasoro. Lakini ilionyesha kwamba mama wa sokoni, akipewa hesabu mbele yake, anauliza maswali ambayo mshauri wa fedha hakuyafikiria. Anayeweza kujadili bajeti anaweza kujadili ramani.

Kinachotakiwa sasa

Matakwa ni machache na hayahitaji sheria mpya hata moja.

Kwanza, ramani mbili ziwekwe kwenye karatasi moja. Viwanja, avenyu, shule, makaburi na visima vionekane pamoja na mipaka ya vibali vya madini, na karatasi hiyo ibandikwe katika ofisi za Dilala na Manika, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mahali ambapo mtu hahitaji kuomba ruhusa ili aitazame.

Pili, mtaa wowote unaotakiwa kugeuka mgodi upewe tangazo la maandishi, mikutano ya hadhara kwenye mtaa wenyewe na si katika hoteli, na mwezi mzima wa kuandika maoni. Maoni hayo yajibiwe kwa maandishi, likiwamo neno "tumekataa kwa sababu hii".

Tatu, wakaaji wachague wenyewe wawakilishi wao, na kati yao wawemo wapangaji, wanawake na vijana. Mkuu wa mtaa aalikwe, asiwe peke yake.

Nne, fidia ihesabiwe kwa bei ya leo ya nyumba iliyo sawa, yenye maji na umeme kama ile iliyopotea, na ilipwe kabla ya katapila kuwasha moto.

Tano, rangi ikome. Alama yoyote kwenye nyumba ya mtu isiyo na barua yenye saini, tarehe na namba ya uamuzi ihesabiwe kuwa uharibifu wa mali.

Kwa upande wa wakaaji nao, kuna silaha ambayo haijatumika vya kutosha. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo haki ya kuandikia mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inalazimika kujibu katika miezi mitatu. Mtaa usingoje habari za kuhamishwa. Avenyu moja ikikusanya majina leo na kuuliza tu, "Mtaa wetu uko ndani ya kibali cha nani, na plani ya miaka ijayo inasema nini?", ofisi itakuwa na siku 90 za kutoa jibu. Nakala ibaki na muhuri wa kupokelewa. Mashirika ya raia, makanisa na misikiti, wanasheria wa Kolwezi wanaopita mbele ya mitaa hiyo kila siku, wana kazi ya kuwasaidia watu kuiandika.

Kongo inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka kwenye udongo unaozunguka mji huu. Betri za magari huko mbali zinaitwa safi. Usafi wao utaanza siku ambayo mkaaji wa Kolwezi ataulizwa kabla ya kuhamishwa, na neno lake litakuwa na uzito wa kutosha hata kusogeza mstari kwenye ramani.